Mtoto kaamka kwenye nusu kaputi akawa hanijui. Ni kawaida, au kuna kitu nafichwa?

mama_wawili – Jumatano, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba msinicheke, maana wifi ameshanicheka vya kutosha.

Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na miezi minane. Alhamisi iliyopita katolewa nyama za puani pamoja na mafindofindo. Alikuwa anakoroma kama mzee wa miaka sitini, usiku pumzi inakata halafu anashtuka, kwa hiyo huo upasuaji nilikuwa nausubiri kwa hamu. Hospitali siitaji, na wahudumu walikuwa watu wazuri tu. Shida yangu ni kilichotokea baadaye.

Saa nne na nusu wakaniita: mama njoo, mtoto anaamka. Nikaingia na kile kiblanketi chake chenye picha ya simba. Nikamkuta amepiga magoti kitandani, macho yamefunguka kabisa, lakini ananitazama kama vile anatazama ukuta ulio nyuma yangu. Analia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha njaa hakipo hivyo, cha deko hakipo hivyo. Anajipinda mgongo, anarusha mateke, anang'oa plasta ya kanula, kile kimrija cha dawa mkononi. Nikamwita kwa jina, nikamwimbia wimbo wake wa kulalia. Akanisukuma kifuani kwa viganja vyote viwili huku anapiga kelele, "Namtaka mamaaa!"

Na mimi nimesimama pale pale mbele yake.

Nesi mmoja kashika mkono wenye kanula, mwingine miguu. Ikaenda kama dakika ishirini hivi, kisha mtaalamu wa usingizi akaja akamsukumia kwenye mshipa dawa kidogo nyeupe kama maziwa, akalala. Baada ya nusu saa akaamka tena, akanitazama, akasema, "Mama, naomba juisi." Kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa nyumbani kila mtu ana jibu lake. Mama mkwe anasema mtoto amerudi na mwenzake huko alikokwenda, anataka tumwite mzee aje kumsomea. Wifi anasema nimemdekeza. Baba yake anasema walizidisha dozi na tunafichwa. Mimi sina jibu, ila tangu siku hiyo nikifumba macho nauona ule uso.

Kibaya zaidi, Jumapili namwogesha nikaona kauvimbe kinenani. Tumempeleka jana, ni ngiri, anatakiwa alazwe tena usingizi ndani ya wiki chache. Nauliza mambo mawili: kichwa chake kiko salama? Na kuna namna ya kuzuia isijirudie?

Kisiki_cha_Mpingo – saa 2:51 usiku

Pole sana dada. Natia nanga hapa, wajuzi wako njiani.

Babu_Mkole – saa 2:58 usiku

Mumeo yuko sahihi. Nusu kaputi jina lenyewe linajieleza. Kaputi tumeachiwa na Mjerumani, maana yake kitu kimekwisha, kimeharibika. Sasa wewe unampeleka mtoto nusu ya kwisha, mtu wa mashine kasinzia kidogo kazidisha, unategemea arudi akiwa mzima? Dai faili lake.

mlinda_usingizi – saa 3:34 usiku

Babu Mkole, historia ya neno umeipatia, mengine umekosea.

Mimi ni mtaalamu wa usingizi, mwaka wa kumi na moja huu, wengi ninaowalaza ni watoto. Dada, ulichokiona nakiona karibu kila wiki. Kwa Kiswahili hatujakubaliana jina moja, mimi naita kuweweseka kwa kuamka, maana ndivyo kilivyo. Unamjua mtoto mwenye homa kali anayeinuka usiku anaongea na watu wasiokuwepo? Ni ndugu yake huyo. Ubongo hauamki wote kwa mara moja kama taa ya umeme. Macho yanafunguka, miguu na koo vinapata nguvu, lakini ile sehemu inayosema "huyu ni mama, hapa ni hospitali" bado imelala. Kwa hiyo mbele yako alikuwepo mtoto mwenye nguvu zake zote na hakuna mtu ndani wa kuziongoza. Alipolia "namtaka mama" alikuwa anasema kweli. Alikuwa hakuoni.

Kuhusu dozi kuzidi: ingekuwa hivyo ungeona kinyume chake. Aliyezidishiwa huchelewa kuamka, analala fofofo, na pengine anapumua kivivu. Hii ya kuruka inatokea sana na gesi zinazotoka mwilini haraka, hasa sevoflureni, ambayo ndiyo tunayoipenda kwa watoto kwa sababu haiwashi pua na mtoto anaivuta bila kukohoa. Kwa halotheni, ile ya zamani iliyotumika hospitali nyingi kwetu, hali hii inatokea pia ila mara chache zaidi. Na si jambo la juzi, limeandikwa kwenye majarida ya kitabibu tangu 1961.

Ukichukua watoto wote, walio hatarini zaidi ni wa miaka miwili hadi mitano. Ukichukua upasuaji wote, wa pua, masikio, koo na macho ndio unaoongoza. Wako alikuwa na vyote viwili. Ukiuliza ni watoto wangapi kati ya mia, tafiti zinakupa kuanzia kumi hadi themanini, kutegemea walitumia dawa gani na kila mmoja alipimaje, kwa hiyo mimi hizo namba huwa sizishiki sana.

Inaanza ndani ya nusu saa ya kwanza, wengi inawaisha ndani ya dakika tano hadi kumi na tano, wachache inafika hata robo tatu ya saa. Inaisha yenyewe. Na mtoto hakumbuki. Unayekumbuka ni wewe.

mama_wawili – saa 3:49 usiku

Nimesoma huku nalia. Asante sana kaka, au dada, sijui.

Lakini mlijuaje kwamba si maumivu? Kakatwa koo mtoto wa watu.

mlinda_usingizi – saa 4:10 usiku

Kaka. Na hilo ndilo swali la maana kuliko yote, kwa sababu uvivu mkubwa kwenye kazi yetu ni kusema "anaweweseka tu huyo" kumbe mtoto anakosa hewa. Mtoto anayehangaika, kabla sijatamka neno lolote, naangalia kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma ngapi, kifua kinapanda vizuri, koo halijaziba, hakuna damu inayoteremka kooni. Nafikiria sukari, maana huenda hajala tangu jana. Nafikiria kibofu kimejaa. Usicheke, nimeshaona mtoto anapigana na watu wanne, akakojoa, akanyamaza. Vyote hivyo vikiwa sawa ndipo nabaki na maumivu au kuweweseka.

Hapo naangalia macho. Mwenye maumivu anakuona. Ukimwita anakugeukia, anajikunyata, anashika shingo, anataka umbebe na ukimbeba anapoa kidogo. Anayeweweseka macho yake hayakamati chochote, mikono inapiga hewa, hajui yuko wapi, hatulii kwa mtu yeyote. Tuna kipimo chake, kilitengenezwa 2004, maswali matano na kila moja alama hadi nne: anamtazama anayemhudumia? matendo yake yana lengo? anajua mazingira yake? anahangaika? hatulizwi? Jumla ishirini. Akipita kumi tunaanza kushuku, akipita kumi na mbili shaka inakuwa ndogo. Wako kwa ulivyomweleza alikuwa juu kabisa.

Ila yote mawili yanaweza kuwa kwa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, ndiyo maana dawa nzuri ya maumivu kabla hajaamka ni sehemu ya kinga.

nesi_Mkunde – saa 4:22 usiku

Ngoja na mimi wa chumba cha kuamkia niseme, kwa sababu mlinda_usingizi akishamkabidhi mtoto anarudi kulaza mwingine, na mimi ndiye ninayebaki na mateke.

Kwanza tuombe radhi. Mama hakuambiwa. Karatasi ya ridhaa tunamsainisha haraka haraka, tunamwambia kuhusu kutapika na koo kuuma, hili tunaliruka. Ukimwambia mama mapema kwamba "anaweza kuamka akiwa hakujui kwa dakika chache, usiogope", anaingia akiwa msaidizi wangu. Asipoambiwa naye anaanza kulia, sasa nina wagonjwa wawili.

Pili, makosa yanayoonekana pale. Watu watano wanaita jina la mtoto kwa pamoja. Taa kali usoni. Mtu anamshika uso kwa nguvu: "Nitazame! Nitazame mama!" Mtoto hawezi kukutazama, na kila unachomwongezea ni kelele juu ya kelele. Mimi nazima taa ya juu yake, naomba sauti moja tu, ya chini, maneno machache yale yale. Na simbani kitandani. Ukimkandamiza anapigana zaidi, na ndivyo watoto wanavyoumia na nyuzi zinavyokatika. Naweka mito kwenye vyuma vya kitanda, nawazuia asianguke, asing'oe kanula, asiguse kidonda. Basi.

Kanula ndiyo roho ya mambo, maana ikitoka hata dawa ya kumtuliza hutaipitishia popote. Tangu yuko ndani tunamfunga bendeji kuanzia vidole hadi kiwiko, mkono unakuwa kama ngumi ya bondia, halafu soksi juu yake. Mtoto hawezi kung'oa asichokiona.

Mama namkalisha kitandani, mgongo wa mtoto ukiegemea kifua chake, mikono imemzunguka kwa ulegevu kama kikapu. Hamtazami usoni. Anapumua tu polepole, na mtoto anasikia kile kifua. Wengine hawataki kuguswa kabisa, hao tunawaacha, tunakaa pembeni tunalinda. Na asipewe maji mdomoni wakati huo hata akidai, atapaliwa.

nesi_Mkunde – saa 4:24 usiku

*nawazuia = namzuia. Na "simbani" maana yake simkandamizi, si simba wa kwenye blanketi.

Kisiki_cha_Mpingo – saa 4:31 usiku

Hii elimu ningeipata wapi jamani. Endeleeni.

Bi_Kirembo – saa 4:55 usiku

Mwanangu mama wawili, pole. Mimi niko Mombasa, nina wajukuu saba, na watatu wamepita hiyo meza. Usigombane na mama mkwe wako. Yeye ameona mtoto mwenye macho ya wazi hamjui mamake; zamani sisi hilo tulikuwa na jina lake moja tu. Dua haimdhuru mtoto, mwache asomewe na roho ya bibi itulie.

Lakini kufukiza hapana. Mtoto katoka kukatwa koo, moshi wa ubani na udi utamkohoza, na kikohozi hakikitakii mema kidonda. Na asinyweshwe kitu chochote cha mitishamba. Waambie daktari amekataza. Hata kama hajakataza, sema amekataza.

mlinda_usingizi – saa 5:02 usiku

Bi Kirembo, nimekataza rasmi.

Baba_Nasra – Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Wangu alikuwa na miaka mitano, makengeza. Kwenye kuamka alikuwa na bandeji jicho moja, akawa anarukaruka kama kuku aliyekatwa. Nikwambie nilichokuja kukiwaza baadaye: kule kuingia ndiko kuliharibu. Walimchukua mikononi mwangu mlangoni, analia "baba usiniache", mlango ukafungwa, sauti ikawa inapungua kuelekea ndani. Aliingia usingizini na kile kilio na akatoka nacho. Kuna ukweli hapo, mtaalamu, au ni mawazo ya mzazi tu?

mlinda_usingizi – saa 1:05 asubuhi

Kuna ukweli. Mtoto aliyeingia na hofu kubwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuamka vibaya, na hata wiki mbili za mbele anaweza kuota ndoto mbaya, kukojoa kitandani wakati alishaacha, kukataa kulala peke yake, kukung'ang'ania kila unakokwenda. Hayo kwa wengi yanapita yenyewe. Mama wawili, ukiyaona usimchape wala usimwaibishe.

Watu husema basi mzazi aingie mpaka anapolala. Mimi naruhusu, ila nawaambia ukweli: mzazi kuwepo peke yake hakujaonyesha kupunguza sana hili jambo. Mzazi anayetetemeka humtetemesha mtoto. Kinachosaidia ni mtoto kuzoea kabla. Nampa maski safi acheze nayo wodini, amvalishe mwanasesere, amvalishe mama, anivalishe mimi. Siku yenyewe tunaweka katuni kwenye simu, anapulizia "puto" kupitia maski huku macho yako kwenye katuni. Sina hela ya vifaa vya ajabu. Simu ninayo.

Mswahili_wa_Leicester – saa 2:15 asubuhi

Huku Uingereza binti yangu alipakwa krimu ya ganzi mgongoni mwa mkono kama saa nzima kabla ya kanula, hakusikia sindano. Na walimruhusu maji na juisi isiyo na nyama nyama mpaka karibu na muda wake. Huko nyumbani kaka yangu aliambiwa mtoto asile kuanzia saa sita usiku, akaingia chumba cha upasuaji saa nane mchana! Mtoto wa miaka miwili!

mlinda_usingizi – saa 2:40 asubuhi

Hilo linaniuma kila siku. Chakula kigumu ni saa sita kabla. Ziwa la mama, wengi tunasema saa nne. Maji na juisi iliyochujwa, kanuni ya miaka mingi ni saa mbili, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 umeshusha hadi saa moja kwa watoto. Kumshindisha mtoto na njaa saa kumi na nne ni mazoea ya kupanga orodha: "wote wasile kuanzia usiku" ni rahisi kutamka kuliko kupiga hesabu ya kila mtoto. Mtoto mwenye njaa na kiu anaingia na hasira na kutoka na hasira, na sukari inaweza kushuka.

Lakini wazazi, sikilizeni: msijipangie wenyewe kwa sababu mmesoma hapa. Muulize anayemlaza mwanao, "maji ya mwisho saa ngapi?" Na uji si maji. Maziwa si maji. Chai ya maziwa si maji. Kuna mama aliniapia mtoto hajala kitu, kumbe kapewa uji "mwepesi" saa moja kabla. Nimeahirisha, akaninunia. Afadhali aninunie, uji usiende mapafuni.

mwaka_wa_tano – saa 3:30 asubuhi

Naomba kuuliza kitaalamu kidogo. Kwa huyu wa ngiri ungebadilisha nini? Midazolamu, ile dawa ya kutuliza hofu, kabla ya kuingia ingetosha?

mlinda_usingizi – saa 4:48 asubuhi

Nimetoka ndani sasa hivi. Midazolamu naipenda kwa mlangoni, mtoto anaingia anacheka. Lakini kwamba inazuia kuweweseka, matokeo yanapingana, siitegemei kwa hilo.

Kwa ngiri ya kinena nina silaha moja tamu ambayo kwa mafindofindo huwa sina: ganzi ya mkiani. Akishalala, namgeuza ubavu, nachoma sindano moja juu kidogo ya mfereji wa makalio, kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu kwa saa kadhaa. Anaamka bila maumivu, na ukiondoa maumivu umeondoa nusu ya ugomvi. Gesi naipunguza kwa sababu ganzi inafanya kazi. Mwishoni naweza kumpa propofoli kidogo, miligramu moja kwa kila kilo, ili atoke kwenye gesi akiwa bado amelala na kuamka taratibu. Hiyo ndiyo ile dawa nyeupe waliyompa. Penye deksimedetomidini, dawa nyingine ya kutuliza, ningeitumia, inasaidia sana, ila kwetu upatikanaji wake ni wa kubahatisha. Fentanili kidogo, dawa kali ya maumivu, nayo husaidia, kwa gharama ya kutapika na kuangalia pumzi.

Halafu namwacha aamke mwenyewe. Kumpigapiga mashavu "amka, amka" ili kitanda kiwe wazi ni kujitafutia.

nesi_Mkunde – saa 5:10 asubuhi

Naongeza, na hapa mimi na madaktari huwa hatuelewani: si kila anayeweweseka anahitaji sindano. Kama hewa iko sawa, hadhuriki, dakika kumi zinatosha kuisha zenyewe. Mkishampa dawa ya kumlaza upya, mimi ndiye ninayekaa naye saa nzima nyingine nikihesabu pumzi, nyie mko ndani. Mpeni anayehatarisha kidonda au kanula. Wengine mniachie.

mlinda_usingizi – saa 5:14 asubuhi

Hapo tunaelewana kwa asilimia tisini. Kumi zilizobaki ni za mafindofindo: mtoto anayepiga kelele kwa nguvu na koo bichi simwachi dakika kumi.

Babu_Mkole – saa 6:02 mchana

Sawa wataalamu, ya dozi nimewaachia. Ila hamjajibu kuhusu kichwa. Mimi nimesikia hata Wamarekani walionya kwamba nusu kaputi inaharibu akili za watoto.

mlinda_usingizi – saa 8:20 mchana

Umesikia sawa, nusu. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watoto chini ya miaka mitatu wanaolazwa muda mrefu, zaidi ya saa tatu, au kulazwa mara kwa mara. Ushahidi mwingi nyuma ya onyo hilo ulikuwa wa wanyama. Upande wa pili upo utafiti mkubwa wa nchi kadhaa: vichanga wa ngiri, wengine wakalazwa kwa sevoflureni chini ya saa moja, wengine wakachomwa ganzi wakiwa macho. Walipofika miaka mitano wakapimwa akili, na matokeo yaliyotoka 2019 yakaonyesha hakuna tofauti. Mtoto wa mama wawili ana zaidi ya miaka mitatu, na ngiri ni kazi fupi. Kukoroma na kukata pumzi kila usiku ndiko ningekuogopa zaidi kwa akili yake, na hilo limeshatibiwa.

mama_wawili – saa 1:15 usiku

Nashukuru hadi nimekosa maneno. Mume wangu kasoma uzi wote kimya, akasema "kumbe."

Jamani, swali dogo. Leo siku ya saba tangu atolewe mafindofindo. Amelala saa hizi na namwona anameza meza mate, kila baada ya muda mfupi. Ni maumivu?

nesi_Mkunde – saa 1:17 usiku

Mama, acha simu sasa hivi. Chukua tochi, mfungue mdomo. Kuanzia siku ya tano hadi ya kumi gamba linabanduka kooni na linaweza kuvuja damu, na mtoto aliyelala anaimeza, huioni. Ukiona wekundu mbichi au akitapika kitu cheusi au chekundu, ni hospitali usiku huu huu, usisubiri kukuche. Jibu.

Kisiki_cha_Mpingo – saa 1:29 usiku

Dada?

mama_wawili – saa 1:41 usiku

Nipo. Ameamka kwa hasira, ameniuma kidole. Hakuna damu, kuna utando mweupe tu, mate ni masafi. Anasema koo linauma. Dawa ya saa kumi sikumpa kwa sababu alikuwa anacheza nikajua amepona.

nesi_Mkunde – saa 1:44 usiku

Alhamdulillahi. Utando mweupe ndiyo kidonda kinavyopona hapo. Dawa mpe kwa saa zake, usisubiri alie, na anywe maji sana. Mwangalie tena baada ya saa moja, na akiendelea kumeza vile mpeleke tu wamtazame. Ameandikiwa dawa gani?

mama_wawili – saa 1:46 usiku

Parasetamo ya maji. Jirani alinipa na syrupu ya kikohozi, kasema itamlaza vizuri, sijaifungua.

mlinda_usingizi – saa 1:58 usiku

Soma chupa. Ikiwa na kodeini, itupe. Kuna watoto ambao miili yao inaigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi, pumzi inapungua usingizini wasiamke. Marekani waliizuia kwa watoto waliotolewa mafindofindo mwaka 2013, na 2017 wakaizuia kwa wote walio chini ya miaka kumi na mbili.

mama_wawili – saa 2:03 usiku

Ipo. Imeandikwa pale pale mstari wa pili. Nimeimwaga chooni.

mama_wawili – wiki nne baadaye, Ijumaa, saa 12:10 jioni

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wengine inbox.

Ngiri imefanyika leo, hospitali ile ile. Safari hii nilimtafuta anayelaza siku moja kabla, nikamwambia kila kitu kilivyokuwa mara ya kwanza. Nilidhani ataniona mjuaji. Akaandika kwenye faili kwa wino mwekundu, akanipa maski niende nayo nyumbani. Kwa hiyo jana usiku nyumba nzima tumekuwa marubani. Mama mkwe karuka na ndege mara tatu kwenda Maka.

Maji ya mwisho saa kumi na mbili asubuhi, kaingia saa mbili na robo, wa kwanza kwenye orodha. Kaingia na maski yake mwenyewe mkononi, anamwambia daktari "mimi ndiye naendesha."

Chumba cha kuamkia taa walizima upande wetu. Nilivaa khanga niliyolalia, haijafuliwa, nikakaa kitandani kabla hajaamka. Alilala kama dakika arobaini. Alipoanza kujinyoosha moyo wangu ulikimbia, nikajizuia kumwita. Akalia, lakini kilio ninachokijua, dakika mbili hivi, akaning'ang'ania shingo. Akafungua macho akanitazama MIMI. Halafu akauliza kwa sauti ya usingizi, "Mama, miguu yangu imeenda wapi?"

Nikamfunulia shuka akaiona yote miwili. Akalala tena.

nesi_Mkunde – saa 12:25 jioni

Ganzi ya mkiani hiyo. Hongera mama. Asisimame peke yake mpaka miguu irudi, wanaanguka.

Babu_Mkole – saa 12:31 jioni

Hongera. Naomba maski ya rubani mkimaliza, nina mjukuu wa tohara mwezi wa kumi na mbili.

mama_wawili – saa 3:05 usiku

Miguu imerudi, anamfukuza paka. Maski kagoma kuitoa, Babu. Kalala nayo.